Heller 20 ya Tabora: Je, ni dhahabu?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika sanduku la marehemu bibi tumekuta sarafu nyekundu iliyochakaa, yenye taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. na T, na upande wa pili maandishi "20 HELLER". Mjomba anashikilia kuwa ni dhahabu ya Wajerumani. Je, ni kweli? Na mbona imetengenezwa ovyo hivi?
Msomaji, Urambo

JIBU: Si dhahabu, bali ni shaba nyekundu. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya koloni hilo la Wajerumani, na heller 100 zilifanya rupia moja. Herufi D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na T ni alama ya Tabora, ambako serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliitengeneza katika karakana ya reli, kwa mihuri iliyochongwa kwa mkono. Ndiyo maana taji na maandishi hutofautiana kutoka sarafu moja hadi nyingine. Mjomba, hata hivyo, hakubuni: mwaka huohuo, mjini humohumo, ilitolewa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na hiyo ndiyo ya dhahabu, iliyotoka katika mgodi wa Sekenke.

Chanzo cha yote ni vita vya 1914. Manowari za Uingereza zilipoifunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza tena kufika, na rupia za fedha zikatoweka sokoni kwa kuwa aliyezipata alizificha. Serikali ikachapa noti za dharura, lakini watu wengi hawakuziamini, na sioni wa kuwalaumu: nani angetoa mtama wake kwa karatasi ya serikali inayorudi nyuma vitani? Ndipo ikaonekana heri sarafu inayolia mkononi, hata kama ni ya shaba ya maganda ya risasi.

Lakini ipime. Heller 5 ya kabla ya vita ilikuwa na gramu 20, ilhali yako huenda isifike 13, nayo inadai thamani mara nne. Thamani hiyo ilitegemea amri tu, na amri ilitegemea jeshi, ambalo liliipoteza Tabora kwa Wabelgiji mwezi Septemba 1916.

Nyingi zilizobaki ni za shaba ya njano. Nyekundu kama yako ni chache zaidi, kwa hiyo wakusanyaji huzipenda. Tafadhali usiisugue kwa majivu wala ndimu, kwani sarafu iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake.