Kabla hujamwonyesha supavaiza grafu yako

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji: "Shikamoo kaka, nataka kuanza modeli za tabianchi, zile za dunia nzima, anga na bahari pamoja, nianzie wapi?" Nikacheka, halafu nikakumbuka ya kwangu, kicheko kikaisha.

Mimi nilianza kwa mbwembwe. Nikashusha CESM, programu ya kompyuta inayoiga tabianchi ya dunia, ya Wamarekani wa NCAR (kituo chao cha utafiti wa anga), ni ya bure, imeandikwa kwa Fortran, lugha ya kuandikia programu, kuiinstoli tuiruke jamani, mwisho ikakubali. Anga huku, bahari kule, katikati kuna kapla inayobeba joto, maji na msukumo wa upepo kupeleka huku na huku. Nikaongeza hewa ukaa mara mbili, nikaachia miaka 40 ya modeli, nikachora joto la bahari kwenye kina cha mita 1000. Mstari unapanda tu! Nikatengeneza slaidi, siku yenyewe nikavaa na tai.

Mzee mmoja wa viti vya nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Na ile ran ambayo hukugusa hewa ukaa inaonyeshaje?" Yaani modeli ileile ikimbizwe bila kuongeza hewa ukaa, upate cha kulinganishia. Sikuwa nayo. Nimekuja kuiran baadaye, nayo inapanda vilevile. Yaani ugunduzi wangu wote ulikuwa bahari inajitafutia pa kutulia, maana anga linatulia haraka lakini kilindi kinataka mamia ya miaka, hata elfu na zaidi. Kicheko cha siku ile bado nakisikia, na waliocheka wengine hawajawahi kuran hata mwaka mmoja.

Wanasayansi Manabe na Bryan waliunganisha modeli za anga na bahari tangu 1969 (Manabe Nobel kaipata 2021, hesabu mwenyewe), na bado mpaka miaka ya 90 modeli nyingi zilikuwa zinaongezewa joto na maji kwa nguvu ili zisipotee njia. Sasa wewe na laptopu yako unakimbilia wapi?

Mdogo wangu, ran isiyoguswa kwanza. Narudia, isiyoguswa kwanza. Angalia nishati inayoingia na kutoka juu ya anga, tofauti isipokaribia sifuri usichore kitu. Na ukizumu kwetu usishtuke, kwenye gridi ya kilomita 100, yaani dunia imekatwa vyumba vya upana huo, Unguja ni maji matupu na Kilimanjaro imekuwa kichuguu, tena modeli nyingi zinazidisha mvua za vuli na kupunja za masika, halafu mtu anakimbilia kumwambia mkulima apande nini. Vijana mnapenda grafu kuliko kazi.

Ran yangu isiyoguswa iko mwaka wa 612 wa modeli sasa hivi. Naiacha ikimbie usiku, asubuhi nitaiangalia.