Mashine Huzimika Nikiongeza Mafuta: Je, Kosa ni la Kabureta?

SWALI: Nina mashine ya boti ya Yamaha ya stroku mbili, yenye nguvu za farasi 15, ambayo niliachiwa na baba yangu mdogo. Kusi ilipochafuka niliiweka ghalani miezi mitatu, petroli ikiwa imo ndani. Sasa haiwaki bila ya kuvuta choki, ile ya kupunguza hewa ili petroli izidi, hata ikiwa moto. Ikishawaka huunguruma vizuri katika mwendo wa taratibu, lakini nikiongeza mafuta ili nitoke Tudor, hapa Mombasa, kuelekea nje ya mwamba, hukohoa na kuzimika. Fundi mmoja amenishauri tupanue kwa waya tundu za kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Je, nimkubalie?
— Mvuvi, Tudor

JIBU: Usimkubalie, ndugu yangu. Jeti ya kabureta ni kijitundu cha shaba kilichopimwa kiwandani kwa sehemu ndogo sana za milimita, na waya wa chuma ukishakipitia hukikwaruza na kukipanua, nawe hutaweza tena kukirudisha katika kipimo chake. Ikiwa tundu limeziba, dawa yake ni kulizibua, si kulikuza.

Hata hivyo, kabla hujaifungua kabureta, hakikisha kwamba ndiyo yenye kosa, kwa sababu mara nyingi hulaumiwa kwa makosa ya jirani zake. Legeza kwanza skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi, kwani ikisahauliwa imefungwa mafuta hukatika baada ya muda, na dalili zake ni hizo hizo zako. Kisha funga boti gatini kwa kamba imara, tia gia, ongeza mafuta, na pale inapoanza kukohoa mwambie mwenzako aubinye mpira wa kupampia mafuta. Ikizinduka, basi mafuta hayafiki kwenye kabureta kama ipasavyo, na utakaotazama ni mpira wenyewe, bomba, filta na utando ulio ndani ya pampu ya mafuta, ambao kwa mashine ya umri huo huwa umekauka au umetoboka. Isipozinduka kwa kubinywa mpira, lakini ikazinduka unapovuta choki kidogo, hapo mafuta yanafika ila hayapiti ndani ya kabureta kwa kiasi kinachotakiwa.

Kwa maelezo yako, naielekea zaidi hali hii ya pili. Injini ikiwa baridi kuhitaji choki ni jambo la kawaida. Ikiwa moto na bado inaitaka, inalia njaa. Na kwa kuwa inatulia katika mwendo wa taratibu ila inakufa unapoongeza mafuta, jeti kuu, ile inayopitisha petroli mashine ikienda kasi, ndiyo ninayoishuku. Petroli iliyolala miezi mitatu kwenye joto letu la pwani hupoteza sehemu yake nyepesi na kuacha utando wa kahawia unaonata, na maji yaliyoingia kwenye tangi hutuama chini ya bakuli la kabureta, yaani kichombo cha chini kinachoweka petroli, na kuila aluminiamu mpaka ukaona unga mweupe.

Nakusihi usiendelee kuvua huku ukiitegemea choki. Katika stroku mbili oili huingia pamoja na petroli, kwa hiyo mashine inayokosa petroli inakosa na oili pia, na pistoni hushika ghafla. Wengi hudhani hasara yao ni safari iliyokatika, kumbe silinda nayo inakwenda.

Ifanyie kazi mahali penye hewa, pasipo na sigara wala jiko. Zungusha skrubu ya mwendo wa taratibu kwa ndani polepole mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, uandike idadi yake, ndipo uitoe; ukiikaza kwa nguvu utaiharibu ncha. Toa bakuli, boya linaloelea ndani yake, sindano ya boya inayofunga na kufungua petroli, na jeti, uviloweke vyote isipokuwa vya mpira katika dawa ya kusafishia kabureta, kisha upulize kila njia kwa hewa ya kompresa. Iinue jeti kwenye mwangaza: ukiona duara kamili, inatosha. Sindano yenye mfereji kwenye ncha yake ibadilishwe, la sivyo petroli itafurika. Gasketi, zile za kuziba maungio, nunua mpya. Za zamani hazirudi vizuri hata zikionekana nzima.

Ile petroli ya zamani imwage mahali panapofaa, si baharini. Changanya mpya kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine yako. Kikiwa 50 kwa 1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja, tangi la lita 24 linahitaji mililita 480 za oili, wala si kukisia kwa jicho.

Ijaribu kwanza ndani ya pipa la maji, kwa kuwa ikiwashwa kavu pampu yake ya maji huungua haraka. Ikitulia, ipeleke ghuba ya Tudor ukiwa na makasia na mwenzako, usivuke daraja la Nyali siku hiyo ya kwanza. Na kusi ijayo, kabla ya kuihifadhi, chomoa bomba la mafuta ikiwa katika mwendo wa taratibu, uiache inywe iliyobaki mpaka ijizime yenyewe, kisha fungua skrubu ya bakuli umwage tone la mwisho.