Leo ni siku ya ngapi?

Swali la wiki hii liliuliza: mzazi anapotibiwa saratani, ni kazi gani ya nyumbani inayoilemea familia zaidi? Najua wengi watataja pesa, na wana haki. Kwangu mimi ilikuwa kusimama mlangoni.

Mama alianza kemo ya saratani ya titi mwaka jana hapa Kisumu, katika hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wenyeji bado tunaiita Russia. Alipangiwa awamu nne, kila awamu siku 21. Mojawapo ya dawa zake ni nyekundu, na mkojo nao huwa mwekundu baadaye. Muuguzi alituonya mapema tusije tukadhani ni damu.

Alituonya pia kuhusu jambo jingine. Dawa hizo hupambana na saratani, lakini hupunguza vilevile chembe nyeupe za damu zinazoukinga mwili. Ukihesabu tangu siku ya dawa, kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi ndipo chembe hizo hushuka sana. Mwenye mafua asimkaribie. Maziwa yachemshwe, matunda yaoshwe na kumenywa, kachumbari iachwe. Joto la mwili likifika 38, mleteni hata kama ni saa nane usiku, na msimpe kwanza dawa ya kutuliza homa, kwa sababu itaficha joto huku maradhi yakiendelea. Nilinunua kipimajoto, nikatundika kalenda jikoni na kuzungushia siku hizo wino mwekundu.

Sasa nenda ukawaeleze watu wetu hayo. Sisi asili yetu ni Vihiga. Mgonjwa hutembelewa na ukoo, kanisa na chama. Watu huja na unga na ndizi, huketi, humwekea mikono kichwani wakaomba. Kumzuia mtu aliyetoka mbali kwa upendo ni kumwambia hana kwao.

Siku ya 9 ya awamu ya kwanza, shangazi, dada mkubwa wa Baba, alishuka kutoka Mbale, kule Vihiga, na jogoo kwapani, akikohoa. Nilimwekea kiti cha plastiki chini ya mwembe, nikapiga magoti kumwambia kwamba leo hawezi kuingia.

"Wewe niliyekubeba mgongoni, ndiwe wa kunizuia nisimwone mama yako?"

Alimwacha jogoo pale pale, akapanda matatu ya kurudi. Hata chai hakuonja.

Jioni simu hazikukoma. Eti nimesoma, nikasahau adabu. Nililia jikoni. Baba si mtu wa maneno mengi, lakini usiku huo alimpigia dada yake akaweka spika ili nami nisikie: "Huyo mtoto ni mimi niliyemweka mlangoni. Akisema hapana, nimesema mimi." Hapo ndipo nilipopumua. Nyinyi mnaoianza safari hii, nawasihi: msimpe kijana kazi ya kuwakatalia wakubwa bila mkubwa mwingine kusimama nyuma yake waziwazi.

Lakini nami nilipitiliza. Niliufunga mlango mwezi mzima, hata siku ambazo kalenda haikuwa na wino. Bado, siku ya 11 ya awamu ya pili, Mama alianza kutetemeka usiku. Kipimajoto kilisoma 38.6. Tuktuk ya jirani ilitufikisha hospitalini, akawekewa dripu ya antibiotiki, akalazwa siku tano. Nilimuuliza daktari ni nani aliyemletea ugonjwa, maana moyoni nilishamhukumu mdogo wangu anayetoka shuleni kila siku. Akasema mara nyingi vijidudu hivyo ni vya mgonjwa mwenyewe, vinaishi tumboni au kwenye ngozi, na hupata nafasi kinga inaposhuka. Nilimtazama mdogo wangu pale kwenye benchi, ameshika viatu vya Mama, nikaona aibu.

Tuliporudi nyumbani Mama aliniambia, "Nyumba imenyamaza, mwanangu, kama matanga yaliyokwisha." Kupoteza nywele hakukumliza. Ukimya ule ulimliza.

Tukabadilisha utaratibu. Niliipiga kalenda picha nikaituma kwenye kundi la ukoo na la chama. Siku za wino hakuna kuingia. Kuanzia siku ya 15, asiye na mafua aje anawe mikono, tukae nje chini ya mwembe. Akina mama wa kanisa walikuja hata katika siku zilizofungwa, wakasimama langoni wakaimba, naye Mama akawaitikia kutoka dirishani, kitambaa chake cha bluu kichwani. Jioni hiyo alimaliza sahani yake ya ugali, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki mbili.

Shangazi alikaa kimya zaidi ya mwezi. Kisha asubuhi moja katika awamu ya tatu simu yangu iliita. Hakuuliza hali, hakuanza na salamu.

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya 16, shangazi."

"Basi teleka chai. Nimeshafika Kiboswa."