Kuanza utafiti wa mtandao wa mwanga kwa fedha kidogo

Mdogo wangu uliyeuliza kutoka Arusha namna ya kuanza utafiti wa mtandao usiotumia waya kwa mwanga unaoonekana, bila kununua vifaa ghali vya maabara, nakushauri uanze na OpenVLC, jukwaa la kujaribia mtandao wa mwanga ambalo michoro ya saketi yake na programu yake viko wazi kwa yeyote, nalo huendeshwa juu ya BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya bodi moja yenye mfumo endeshi wa Linux. Ninalipenda hasa kwa sababu draiva yake, yaani programu inayounganisha kifaa na mfumo endeshi, huifanya taa ionekane kwa Linux kama njia ya kawaida ya mtandao, hivyo unaweza kupima kwa ping na iperf unazozifahamu, programu za kupima muda wa majibu na kasi ya mtandao. Ukitaka kubuni mbinu mpya za kupakia data juu ya mwanga, ongeza GNU Radio, programu huria ya kuchakata mawimbi.

Kabla ya kuilaumu programu, chunguza chumba. Hapa Moshi nilipoteza siku mbili nikitafuta kosa, kumbe jua la saa saba mchana lililopenya dirishani lilikuwa limeizidi nguvu fotodayodi, yaani kipokezi cha mwanga. Nilipofunga pazia, pakiti za data zilianza kupita. Zingatia pia taa za darini: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na mpepeso huo utauona ukipanda na kushuka ndani ya mawimbi unayoyapokea.