Siku ngumu mlimani ni siku ya maji

Wiki hii mmeuliza wasomaji: katika safari ya siku nyingi mlimani, siku ipi ni ngumu kuliko zote? Kwa Kilimanjaro najua wengi watajibu usiku wa kilele. Mnatoka kambi ya Barafu karibu na saa sita usiku, mikono imekufa ganzi, changarawe inawarudisha nyuma kila hatua, na hadi Uhuru bado kuna mita 1,222 za kupanda. Sibishani nao. Ila hilo ni jibu la mgeni. Mimi mlima huo nimeupanda nikiwa mpagazi, njia ya Machame, na usiku huo wagumu wengi (ndivyo tunavyoitana) huwa tumelala. Kilele ni kazi ya gaidi (huku mlimani ndivyo tunavyomwita mwongoza wageni) na wageni wake. Sisi tunabaki kambini, tunaamka kuwapokea wakirudi wamechoka hoi, kisha tunabomoa hema na kushuka kwa njia ya Mweka. Siku yetu sisi ni ile inayotangulia, ya kutoka Barranco hadi Barafu, hasa safari inapokuwa ya siku sita na mwendo wote huo ukatakiwa uishe kwa siku moja.

Asubuhi inaanza na ukuta. Kambi ya Barranco iko mita 3,976, na mbele yake umesimama ukuta wa mawe wa kama mita 250 ambao wageni huutazama jioni wakakosa hamu ya kula. Hauhitaji kamba, unahitaji mikono tu. Wao wakishakunywa chai wanatangulia na gaidi. Sisi tunabaki kuosha masufuria, kukunja hema zenye umande ulioganda na kufunga mizigo, halafu tunawakuta katikati ya ukuta. Ukisikia mtu anaita "Mzigo!", sogea upande wa mlima usimame. Usisogee upande wa bonde hata kama unataka kuonyesha adabu.

Kuna sehemu njia inazunguka jiwe lililochomoza, na kila anayepita lazima alikumbatie. Mgeni analikumbatia kwa kifua huku anacheka kwa woga, mwenzake anampiga picha. Mwenye mzigo kichwani hawezi kulikumbatia jiwe. Unapita kiubavu, au unampa mwenzako mzigo, unavuka, kisha unaupokea ng'ambo. Na msidhani kinachosumbua hapo ni uzito. Nipe gunia la viazi mara kumi kuliko meza ya kukunja, maana meza ni nyepesi lakini upepo ukiishika inakugeuza.

Juu ya ukuta wageni wanapumzika wakitazama barafu ya Heim na Kibo yote iliyoinama juu yao. Ni mahali pazuri, sikatai, na siku isiyo na haraka hata mimi nimekaa pale. Kisha njia inashuka, inapanda, inashuka tena, mpaka bonde la Karanga. Hapo ndipo siku yenyewe inapoanza.

Mto Karanga, huo huo unaopita Moshi mjini, huku juu ni kijito tu unachoweza kukiruka. Lakini ndio maji ya mwisho. Kutoka hapo hadi Barafu, mita 4,673, hakuna chemchemi wala kisima, ni mawe na vumbi. Kila tone litakalotumika Barafu, kupikia, kunywa, kunawa na kujaza chupa za usiku wa kilele, linachotwa Karanga na kupanda kwa shingo ya mtu. Mgeni mmoja anaambiwa anywe lita tatu au nne kwa siku ili mlima usimpige. Wapige hesabu wageni, magaidi na wapagazi wa kundi moja, ongeza ya kupikia, uone ni madumu mangapi.

Tena lita moja ya maji ni kilo moja. Kanuni ya hifadhi inasema mzigo wa kazi usizidi kilo 20, na getini Machame kila mzigo unawekwa kwenye mizani mbele ya askari. Dumu la lita 20 likijaa, hiyo ni kilo 20 tayari, kabla hujahesabu dumu lenyewe, sweta lako na unga wako. Sasa yale mahema na masufuria uliyotoka nayo Barranco nani kayachukua? Mara nyingi ni wewe mwenyewe. Unaupeleka mzigo wa kwanza mpaka Barafu, unashusha, unarudi Karanga mikono mitupu, unajaza dumu, unapanda tena. Mtoni hakuna mizani.

Ile safari ya pili ndiyo inayokaa mwilini. Kutoka kambi ya Karanga hadi Barafu ni kupanda karibu mita 680, na mto uko chini ya kambi, kwa hiyo kwanza unapanda ukingo wa bonde kabla hujaanza kuhesabu. Maji hayatulii kama begi. Yanacheza ndani ya dumu, ukiyumba kidogo yanakumalizia kuyumba. Hewa imebaki zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Pwani. Wageni mnaopishana nao wanaambiwa "pole pole", na ni ushauri sahihi kwao, lakini ukitembea pole pole na dumu kichwani giza linakukuta, na mpishi anakusubiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Limejaa?"

"Limejaa."

Basi. Hakuna pole wala hongera, maana yeye naye ana jiko la kuwasha. Barafu maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 85 hivi, si 100, kwa hiyo yanatokota haraka lakini chakula hakiivi. Maharage usiyajaribu. Wali unakaa sana jikoni na unakula maji na gesi, ndiyo maana wapishi wengi jioni hiyo huleta supu na tambi. Halafu kuna yale maji ya uvuguvugu ya kunawa, kwenye beseni dogo mbele ya kila hema. Nimeona mgeni akichovya vidole viwili akamwaga beseni zima. Hakuwa na ubaya, hakuna aliyemwambia yametoka wapi. Mimi ningekuwa gaidi, maelezo ya jioni kuhusu kilele yangeanza na beseni hilo.

Oktoba 2022, moto ulipozuka eneo la Karanga, watu wa mjini walishangaa kwa nini kuuzima ni shida wakati mlima una theluji. Mgumu yeyote angewajibu. Huko juu theluji unaiona kila siku, ila maji unayafuata bondeni.

Kwa msomaji anayepanga kwenda, jibu langu lina upande wa matumizi. Ukipewa uchaguzi wa siku sita au saba kwa Machame, chukua saba ulale Karanga. Utalipa ada za hifadhi za siku moja zaidi, na mwili wako utapata usiku mmoja wa kuzoea hewa kabla ya kilele, hilo mawakala watakuambia wenyewe. Ambalo hawakuambii ni kwamba kazi yetu inagawanyika: siku moja ukuta, siku ya pili maji. Uliza pia kabla hujalipa ni wapagazi wangapi watapanda nawe, na kati yao wangapi ni wa maji. Ukiona anayekuuzia safari anasitasita kwenye swali la pili, tafuta mwingine. Moshi na Arusha hawakosekani.