Kosa la Kiingereza Lina Mama Yake

Kwa miaka mingi nilisahihisha insha za Kiingereza kama mtu anayepalilia: kila kosa nililoliona nililing'oa. Daftari lilirudi kwa mwenyewe limejaa wino mwekundu, akatazama alama, akalifunga. Wiki iliyofuata akaniletea makosa yaleyale.

Kilichonizindua ni sentensi moja: "My brother he came yesterday." Hiyo "he" nilikuwa nimeshaikata mara nyingi. Siku hiyo nikamwambia mwanafunzi aiandike kwa Kiswahili. Akaandika: Kaka yangu alikuja jana. Nikamuuliza, hiyo a- ya "alikuja" inafanya kazi gani? Akakaa kimya, kisha akacheka. Kumbe "he" yake ilikuwa ni a- ileile. Kanuni alikuwa anaifuata, ila ya lugha nyingine.

Tangu hapo kabla ya kusahihisha huwa namtafuta mama wa kosa. "The book which I bought it" imezaliwa na "kitabu nilichokinunua". "Although he was sick, but he came" ni "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja". Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu kati ya hivyo viwili. Kuchanganya "he" na "she" nako si uzembe, maana kiambishi chetu hakiulizi jinsia. Vigumu kupita vyote ni "a" na "the", kwa kuwa kwetu havina mwenzake. Hivyo naviacha kwanza, na najua walimu wenzangu watanuna. Lakini "I bought book" inaeleweka. Sentensi isiyo na kitenzi inamwacha msomaji njiani.

Basi chagua aina moja ya kosa kwa wiki. Pigia mstari, usiandike jibu, mrudishie alitafute mwenyewe.

Baada ya hapo njoo kwenye kuunganisha, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Mpe sentensi tatu fupi: "It was raining. The bus was late. I walked." Aziunganishe kwa kila njia anayoiweza. Mmoja ataandika "Because it was raining and the bus was late, I walked." Mwingine: "The bus was late, so I walked in the rain." Usikimbilie kusema ipi ni sahihi, zote ni sahihi. Uliza ipi inalilaumu basi, na ipi inamhurumia mtembeaji. Mwanafunzi akianza kubishana juu ya hilo, ujue ameshaanza kuandika.

Wapo wenye ugonjwa wa kinyume: aya nzima ni sentensi moja, mikato imetapakaa. Hao nawaambia wasome kwa sauti. Kwenye kila mkato waulize, je, kila upande una kiima na kitenzi chake na unaweza kusimama peke yake? Kama ndivyo, mkato pekee hautoshi. Wataweka nukta au kiunganishi.

Kuhusu aya, ile fomula ya sentensi kuu, maelezo na hitimisho inafaa kuanzia, ila imetuzalishia "Firstly" na "Last but not least" zisizo na kitu ndani. Mimi huandika ubaoni "My grandmother never locks her door" na kuuliza: msomaji anataka kujua nini sasa? Kwa nini hafungi. Sentensi ya pili ijibu hilo. Isiyojibu swali lolote ihamie aya nyingine.

Zoezi langu la mwisho wa wiki ni kuwasomea kifungu cha sentensi tano mara mbili. Wanaandika maneno machache tu, kisha wawiliwawili wanakijenga upya na kukilinganisha na changu. Baada ya miezi kadhaa, tofauti zinazobaki huwa karibu zote ni "a" na "the". Hapo ndipo naanza kuzifundisha.