Maswali na majibu: migunga, marejea na kemia ya mikunde

Mwalimu, shikamoo. Karanga huzaa chini ya ardhi na ukwaju ni mti mkubwa. Inakuwaje viitwe ukoo mmoja, wa mikunde, na kemia inaingia wapi? (Msomaji wa Kongwa)

Marahaba. Kinachoiunganisha familia ya mikunde, yenye spishi zaidi ya 19,000, ni ua na tunda lake. Kemia huitwa pale umbo linaposhindwa kuonyesha nani yu karibu na nani. Mmea hauwezi kumkimbia mbuzi wala mdudu, kwa hiyo hujilinda kwa sumu na uchungu, na uwezo wa kuvitengeneza hurithiwa. Chukua kanavanini, asidi amino (aina ya kemikali ambazo baadhi yake hujenga protini) iliyopatikana Japani mwaka 1929 katika mbegu za Canavalia, mmoja wa mikunde. Inafanana mno na arijinini, asidi amino ya kawaida ya protini, hata mwili wa mdudu huiingiza kimakosa katika protini zake. Imeonekana katika nusufamilia ya Papilionoideae, ile ya kunde na karanga, wala si katika nusufamilia ya ukwaju. Hata hivyo, jenasi (makundi ya spishi za karibu) nyingi za Papilionoideae haziitengenezi, kwa hiyo kuikosa katika mbegu hakuthibitishi lolote.

Nasikia migunga yetu imebadilishwa majina. Kulikuwa na haja gani? (Msomaji wa Chamwino)

Zamani migunga yote iliitwa Acacia. Uamuzi wa mkutano wa wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005, uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011, uliliacha jina hilo kwa miti ya Australia, na mingi ya kwetu ikawa Vachellia au Senegalia. Jina kuhamia Australia sikulifurahia, lakini mgawanyo wenyewe una msingi. Kwa kawaida Vachellia huwa na miiba iliyonyooka, miwili miwili, ilhali ya Senegalia ni mifupi iliyopinda kama kucha. Tatizo ni kwamba Vachellia tortilis, mgunga wenye kichwa bapa kama mwavuli, una miiba ya namna zote mbili katika tawi moja, na anayetegemea miiba pekee atababaika.

Hapo ndipo kemia inaposaidia. Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba mbegu za makundi haya mawili hutofautiana kwa asidi amino zisizotumika kujenga protini. Gundi, yaani utomvu wa migunga uliokauka, nayo ina ushahidi wake: ikiyeyushwa katika maji na kupitishiwa nuru inayotetema katika uelekeo mmoja tu, gundi ya Senegalia senegal huizungusha nuru hiyo kushoto kwa takriban nyuzi 30, na ya Vachellia seyal huizungusha kulia. Wanunuzi hutumia kipimo hicho kugundua gundi iliyochanganywa, kwa kuwa ya seyal huuzwa kwa bei ya chini.

Marejea na baadhi ya magugu mengine yana sumu ya aina moja inayoharibu ini la mifugo. Je, ni ndugu? (Mfugaji, Kondoa)

Si lazima. Sumu hiyo, alkaloidi za pirolizidini, imo katika spishi nyingi za marejea (Crotalaria), lakini imo pia katika magugu ya Heliotropium, ambayo ni ya familia nyingine kabisa. Kila upande uliupata uwezo huo kwa njia yake. Ndiyo maana mtaalamu makini hatoi hukumu kwa kitu kimoja, bali hutazama mkusanyiko mzima wa kemikali pamoja na hatua ambazo mmea hupitia kuzitengeneza. Marejea ya mbolea ya kijani yalimwe, ila mbegu zake zisichanganywe na chakula cha mifugo.

Sasa kuna DNA. Kemia bado ina kazi? (Mwanafunzi, Dodoma mjini)

Ni kweli kwamba DNA ndiyo iliyoongoza mgawanyo wa mwaka 2017, ulioipanga mikunde katika nusufamilia 6. Lakini tazama utupa, Tephrosia vogelii, ambao wakulima husaga majani yake kuua wadudu. Ndani ya spishi hiyo moja imo mimea yenye rotenoni, sumu ya wadudu, na jamaa zake, na imo isiyo nazo, ambayo haiui mdudu yeyote. Jina sahihi la spishi halitamwambia mkulima ana upi shambani. Kipimo cha kemia kitamwambia, na asiye na maabara achukue mbegu kwenye shina ambalo majani yake yamekwisha kuonekana yakiua wadudu.